Aliyekataa Kukana

Kwa mara ya tatu wakili Onyancha alimwomba Fanuel aseme neno moja tu, "Sikuua," na kwa mara ya tatu Fanuel alitikisa kichwa.

"Bwana, mimi nimetetea watu wengi," wakili alisema, jasho likimtoka katika kile chumba cha gereza kisicho na dirisha. "Wote husema hawakuua, hata wale walioshikwa na kisu mkononi. Wewe ndiye wa kwanza kunikatalia."

"Niliua. Niliwaambia polisi hivyo, wakaandika."

"Hiyo karatasi ndiyo itakunyonga."

"Basi."

Mfa maji haachi kutapatapa, lakini Fanuel alikuwa amezama miaka minne bila kurusha hata mkono. Si kwamba hakuiogopa kamba. Aliiogopa mno, kila askari jela alipopita na funguo zake. Lakini alijua ni nani waliokuwa ndani ya nyumba yake siku ile.

Ilikuwa jioni ya mvua, mwaka 1992, huko karibu na Ndhiwa. Wanaume wawili wasio na sare walivamia boma wakimtafuta kwa ajili ya fahali aliyeibwa. Mmoja alizunguka nyuma ya nyumba. Wa pili, konstebo Mokaya, aliingia na kumkaba Fanuel shingo. Taa ikapigwa teke, ikazimika. Wakavutana gizani, kisha Fanuel akasikia pigo moja zito, na mikono iliyomkaba ikalegea. Kaka yake mkubwa, Caleb, mwenye nyumba upande wa pili wa boma, ndiye aliyekuja mbio na taa nyingine. Mokaya alikuwa amelala mlangoni, amekufa, na kando yake mchi wa kutwangia.

Fanuel hakuugusa ule mchi. Na humo ndani hamkuwa na mtu mwingine ila mkewe, Rispa, aliyekuwa amejikunyata konani.

Kwa hiyo polisi walipouliza ni nani, alisema ni yeye. Akikana, kamba itamhamia mama wa binti zake. Wala Rispa mwenyewe hakumuuliza. Kwao damu ya mtu haizungumzwi kabla muuaji hajatakaswa. Anayeitaja huivuta kwake na kwa watoto wake. Rispa alipokuja gerezani waliongea habari za mahindi na mvua tu.

Msumbufu alikuwa Caleb. Ndiye aliyemtafuta wakili, na kila mwezi alikuja na sabuni na maneno yale yale.

"Kana, omera," alinong'ona kwenye wavu, akimwita ndugu kwa Kijaluo. "Mimi najua hukuua."

"Umejuaje?"

"Wewe ni ndugu yangu."

Fanuel alimhurumia. Katika miaka hiyo minne Caleb alikuwa amezika watoto wawili, na bado hakukosa kuja. Rispa alisimulia kwamba shemeji yake huyo hata ndani haingii. Akija kumjulia hali husimama uani, chakula akipelekewa huko huko. Watu walimsifu. Mume akiwa hayupo, walisema, shemeji mwenye heshima hakanyagi nyumba ile.

Rufani dhidi ya hukumu ya kunyongwa ikasikizwa Kisumu. Sheria nayo ina vituko vyake: majaji watatu hawakumuuliza Fanuel lolote. Waliona tu kwamba alikiri kwa Kijaluo, karatasi ikaandikwa kwa Kiingereza, na mkalimani hakuwepo. Wakaitupa. Bila karatasi hakukuwa na shahidi hata mmoja aliyeona pigo. Kufikia saa sita mchana Fanuel alikuwa huru, na Caleb alikuwa nje ya mahakama akilia kama mtoto.

Furaha ilidumu mpaka walipofika Rodi Kopany, karibu na nyumbani. Hapo Fanuel akakumbuka jambo ambalo majaji hawana habari nalo. Mtu aliyeua hapiti kwenye lango la boma. Hukatiwa pengo kwenye uzio, akanywa manyasi, ile dawa ya mitishamba, ndipo damu imwachilie. Akinywa asiyeua, damu hubaki pale pale kwa muuaji mwenyewe, ikamaliza watoto wa nyumba yake. Alikuwa ametoka jela, lakini hakuwa ametoka popote.

Na kweli pengo lilikuwa limekatwa. Watu wa boma walikuwa wameondolewa kando, kama inavyotakiwa. Rispa peke yake alisimama ndani ya ua, amekonda, machozi yakimlengalenga. Kwa kuwa baba yao alikufa zamani, Caleb ndiye mwenye boma, naye ndiye aliyechukua kibuyu na kumnyooshea mdogo wake bila kumtazama usoni.

"Kunywa, omera. Tuyamalize."

Fanuel alikitazama kibuyu. Polisi aliweza kuwadanganya, na mahakama pia. Hiki hakuthubutu.

"Mpe Rispa," alisema.

Rispa alirudi nyuma hatua moja. "Mimi?"

"Nimekubebea miaka minne, Mama Irine, na sijuti. Lakini hili siwezi kukubebea. Kunywa, watoto wetu wapone."

"Mimi sikutoka kwenye ile kona!" Rispa alilia. "Sikumgusa yule mtu. Baba Irine, mimi nimenyamaza miaka hii yote nikijua ni wewe!"

Walitazamana, mume na mke, kila mmoja akiutafuta uongo usoni mwa mwenzake asiuone. Kisha wote wawili wakamgeukia mwenye boma awaambie la kufanya.

Caleb alikuwa amepiga magoti kwenye lile pengo, kibuyu kiko mdomoni, akinywa mpaka tone la mwisho.