Njia ya Jikoni Kwangu

Mtaani kwetu njia hujitengeneza zenyewe. Ardhi ikikanyagwa sana mahali, inajikaza na kulainika, na sheria inasema njia ikishazaliwa haifungwi. Watu wa baiskeli wanaisifu mno sheria hiyo. Njia haijapita majumbani mwao.

Yangu ilizaliwa kwenye msiba wa mume wangu, Kombo. Waliokuja kunihani waliingia mlango wa mbele na kutokea wa uani, kwenye masufuria. Tulipoanua matanga, sakafu ya jikoni ilikuwa njia tayari, na wakubwa wa mtaa wakaja kuing'oa milango yote miwili.

Sasa nakaanga dagaa huku kengele za baiskeli zikilia mgongoni mwangu. Jana mwanamume mmoja aliniambia, "Mama, sogeza jiko, unazuia njia."

"Hapa ni kwangu," nikamjibu. "Pita, na usinisalimie."

Akapita, juu ya ungo wangu wa mchele.

Mama yangu mzazi alikuwa anaumwa, amelala chumba cha ndani, ndicho pekee kilichobaki na mlango. Kila apitaye huuliza hali yake. Jana jioni alinishika mkono.

"Nikifa, usimwambie mtu," alisema. "Watakukanyagia na chumba hiki."

Huyu ni mama ambaye hajawahi kukosa msiba wa mtu.

Alfajiri ya leo alikata roho. Nimeufunga mlango, nimerudi jikoni. Wanapita, wanauliza, nami nawajibu hajambo.