Hata Tone Halijapungua

Kamba walikataa kupumzika, na mtafiti alikuwa amechoka nao.

Alikuwa amesaga matamvua yao tena, na jibu likawa lile lile. Ndani ya matamvua ya kamba wa maji baridi kuna vimeng'enya vinavyofanya kazi ya pampu: maji yakikosa chumvi, vinahangaika kuivuta chembe kwa chembe iingie mwilini. Maji yakipata chumvi, vinapunguza kasi. Hawa walikuwa kwenye tangi la chumvi, lakini pampu zao zilichapa kazi utadhani wako mtoni.

"Una hakika ulitia chumvi?" mwenzake wa maabara alimuuliza.

"Niliipima mwenyewe! Kwani unanionaje?"

Kipimo cha chumvi cha maabara kilikuwa kimekufa zamani, ila mizani yake aliiamini. Chumvi aliiyeyusha nyumbani, kwenye maji ya mvua, maana maji ya bomba yana dawa na kamba hawaiwezi. Dumu la maji hayo makali lilikaa nyuma ya mlango wa jikoni wiki nzima, likisubiri siku ya kubadilisha maji ya tangi.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Presha ya mama yake ilikuwa inapanda tu. Daktari aliongeza vidonge, ikapanda. Binti akaifukuza chumvi jikoni, na ile ya kazi akaifungia kabatini. Jioni alipika vyakula vya chukuchuku, wakala wote huku wamekunja nyuso. Mchana, yeye akiwa kazini, mama alijipikia maharage yake.

"Mama, niambie ukweli. Unakula chumvi?"

"Naapa, mwanangu, tangu uifukuze sijaishika hata chembe." Mama alimwonyesha viganja vyote viwili. "Kawaulize wakwe zangu." Ndivyo alivyowaita kamba, tangu binti alipokataa wachumba kwa ajili yao. "Na maji yao nayalinda, usiwe na wasiwasi. Hata tone halijapungua."

Binti alicheka, ingawa roho ilimuuma.

Kisha mama akaanguka. Kiharusi. Upande wa kulia ukalala, mdomo ukaenda kando, maneno yakakatika. Binti alikaa ubavuni mwa kitanda cha hospitali, akimfuta mate na kumlisha uji kwa kijiko. Daktari alisema tusubiri. Tusubiri nini, hakusema. Jamani, yeye aliyejua namna chumvi inavyoingia kwenye damu ya kamba, alishindwa kumkinga nayo mama yake mzazi!

Mkono wa kushoto wa mama, ule uliobaki mzima, haukutulia. Ulikuwa ukichota hewani, ukichota tu.

"Unataka maji, mama?"

Alimnywesha. Mama akafumba macho, chozi likamtoka.

Dumu lililofuata binti alilitengeneza mbiombio, alipokwenda nyumbani kuchukua nguo, na mwenzake akalipitia hapo hapo mlangoni. Siku chache baadaye mwenzake akapiga simu, anapiga kelele kwa furaha.

"Wametulia! Kamba wa chumvi wametulia, pampu zimepoa kabisa! Umefanya nini safari hii?"

"Sijafanya kitu. Chumvi ile ile, mizani ile ile."

"Haiwezekani. Lazima kuna tofauti."

"Hakuna. Labda tu kwamba dumu hili halikulala jikoni kwetu."

Alikata simu, akamwinamia mama. "Umesikia? Wakwe zako wamepumzika."

Mama alimtazama. Mkono wake ukachota tena hewani, ukamimina kwenye sufuria isiyokuwepo. Kisha ukarudi, taratibu, kwa uangalifu wote, ukajazia pale ulipochota.