Kanada Hakufai

Wageni waliokuja kumpa Rubab pole ya safari walimkuta jikoni, na walipoondoka walimwacha jikoni. Ndivyo ilivyo hapa Kahama. Ukirudi kutoka mbali watu watakuja kukuona, wakija lazima wanywe chai, na chai haijichemshi. Usiku wa jana ndio alikuwa ameingia, macho bado yanamwuma kwa usingizi wa ndege. Alikaanga sambusa, akaitikia salamu, akakaanga tena.

Sebuleni mumewe, Hasnain, alipokea wageni kwa bashasha, lakini roho ilikuwa juu juu. Mtoto wao Kumail, anayefanya kazi Edmonton, Kanada, alitaka wazazi wake wahamie huko moja kwa moja. Hasnain tangu ujana wake anauzia wachimbaji sururu, makarai na kamba. Hakutaka kumwudhi mwanawe, na hakutaka kuliacha duka. Basi mzigo akamtwika mkewe.

"Tangulia wewe ukaone," alimwambia kabla hajaondoka. "Ukisema kunafaa, nauza duka. Ukisema hakufai, yameisha."

Mayala, dalali, alikuwa ameshapata mnunuzi wa duka. Leo alikuja kutafuta jibu, akajikalia kwenye kochi karibu na feni, kofia mapajani, sambusa mkononi.

"Haya, Mama Kumail, hebu kaa utupe habari," alisema Mwahija, jirani wanayepakana naye ukuta. "Kanada kukoje?"

Rubab alitua sinia, akakaa kwenye ncha ya kiti kama mtu anayejua ataitwa sasa hivi.

"Baridi," alisema. "Lakini baridi unaizoea. Watu wa kule ndio wa aina nyingine kabisa. Muda wote niliokaa, hakuna jirani aliyebisha hodi."

"Hata kuomba chumvi?"

"Hata chumvi. Kumail na mkewe wakishakwenda kazini, unakaa dirishani na kikombe chako, theluji inaanguka, hakuna anayekuuliza kitu mpaka jioni."

Hasnain alitikisa kichwa. Yeye asiposalimiwa na nusu ya mtaa kabla ya kufungua duka, hujiona anaumwa.

"Na chakula?" aliuliza.

"Kila mtu anakula akisikia njaa. Siku nyingine mimi nilikula mkate na jibini, nimesimama. Nikaosha sahani moja, basi."

"Sahani moja!" Hasnain alisema kwa sauti ya mtu aliyepewa habari ya msiba. Hajawahi kula chapati iliyopoa maisha yake yote. Alimtazama mkewe kwa huruma ya kweli.

"Halafu hawajui ya Mama fulani wala Baba fulani," Rubab aliendelea. "Kuna binti mmoja wa maktaba, mdogo hata kwa Kumail, ananiita Rubab. Hakuna shikamoo. Rubab tu, kama vile tumesoma darasa moja."

"Aa, mayu!" Mayala aliguna, akimwita mama kwa Kisukuma chake. "Hao watu hawana adabu."

"Na ukitoka je?" Mwahija aliuliza. "Si unapotea?"

"Ukitoka hakuna anayekuuliza unakwenda wapi. Unapanda basi, unashuka unapotaka, unarudi giza limeshaingia. Ukikaa kimya siku nzima, ni wewe tu na kimya chako."

Mwahija alijishika mdomo. Sauti ya Rubab ilikuwa imechoka hivi kwamba sebule nzima ilimwonea huruma. Mtu gani anaweza kuishi namna hiyo?

"Mama Kumail, sukari imeisha huku!" Hasnain alisema. Nyumba aliijenga mwenyewe, tofali kwa tofali, lakini sukari inakaa wapi hajui mpaka leo.

Rubab aliinuka, akaileta. Alipoinama kuiweka mezani, mumewe alishindwa kuvumilia, akauliza mbele ya wageni wote.

"Sasa sema mwenyewe. Kunafaa?"

Mayala aliacha kutafuna. Rubab alimwangalia mumewe kwa muda, mvi zake, shati ambalo ni dhahiri halikupigwa pasi, uso uliojaa hofu kama wa mtoto anayesubiri majibu ya mtihani. Alimpenda. Hilo halikuwa na ubishi.

"Wewe hutaweza, Baba Kumail," alisema taratibu. "Kule nani atakusalimia? Nani atakaa na wewe barazani? Utanyauka ndani ya mwezi mmoja. Hakufai."

Hasnain alishusha pumzi ndefu, akacheka mpaka machozi yakamlenga.

"Umesikia, Mayala? Duka haliuzwi! Mwambie huyo mtu wako atafute kwingine."

Mayala alichukua sambusa nyingine ya kujifariji. Mwahija alimkumbatia Rubab, akamwambia amshukuru Mungu amerudi salama kwa watu. Hasnain naye, jambo ambalo hakulizoea mbele za wageni, alimshika mkewe mkono.

"Pole sana," alimwambia. "Umeteseka kwa ajili yangu."

"Si kitu," Rubab alisema, akakusanya vikombe.

Jua lilipozama wageni walitawanyika, na Hasnain akaenda msikitini, hatua zake nyepesi, akiwasalimia watu mpaka wa ng'ambo ya barabara. Rubab alisikiliza mpaka sauti yake ikapotea. Akafuta mikono, akachukua simu, akamrekodia mwanawe ujumbe.

"Kumail, baba yako amekubali kubaki, na ametulia. Nikatie tiketi. Ya mtu mmoja, ya kwenda tu."