Soksi za Kubana

Muuza dawa alimpima Bi Sikudhani mguu kwa futi ya fundi cherehani. Tangu apasuliwe nyonga, mguu ule ulikuwa umejaa kama mto wa sufi.

"Kitendawili," akasema Bi Sikudhani.

"Tega, bibi."

"Hana meno, lakini atanimeza mpaka gotini."

"Soksi hizi!" Muuza dawa akacheka, kisha akaweka mezani jozi mbili. "Hizi laini utavaa mwenyewe, ila uvimbe hautapungua. Daktari kaandika hizi za kubana, damu isije ikaganda mguuni. Hizi huvutwa kwa nguvu, na wewe huwezi kuinama sana. Nyumbani nani atakuvalisha?"

Bi Sikudhani akatazama mlangoni. Chande, mkwewe, alikuwa amesimama pale amewapa mgongo, kwa sababu mama mkwe alikuwa amefunua miguu. Tangu binti wa Bi Sikudhani, mke wa Chande, azikwe, walibaki wawili tu nyumbani, na hata chai Chande humwekea mezani kisha akatoka.

"Nipe laini."

Akaubonyeza mguu kwa kidole. Pakabaki shimo, na shimo halikujaa. Akalitazama kwa muda mrefu.

"Chande, baba," aliita. "Njoo uonyeshwe zinavyovaliwa."

"Mama, mimi?"

"Mwingine yuko wapi?"

Chande akaingia akitazama dari. Akapiga magoti mbele ya kiti, akafumba macho. Mkono wenye soksi ukawa unapapasa hewani, unatafuta kisigino, na Bi Sikudhani akamsogezea mguu kidogo.