Binti wa Jana

Sikudhani alianza kushtuka mama yake alipommiminia chai kwenye kikombe cha wageni. Siku hizi kila mwenye kifafa hupandikizwa seli mpya ubongoni, pale panapotenganisha kumbukumbu zinazofanana. Tangu apandikizwe, mama hakuanguka tena kifafa, ila seli zake zilitenganisha hata mtu wa jana na yuleyule wa leo.

"Karibu, binti. Hivyo vitumbua usiviguse, nimemwekea mwanangu."

"Mama, mwanao si ndiye mimi?"

"Wewe umefanana naye tu. Yule wa jana hakuwa na sura hii."

Sikudhani akaenda chumbani kujitazama kiooni, akashindwa kuapa kwamba mama amekosea. Aliporudi, alisema neno ambalo hajawahi kulitamka.

"Mama, natamani uanguke tena. Ulikuwa ukizinduka, unaniita jina langu."