Kifaa cha Bi Raya

"Shoga, hivi ukimwosha maiti unaona nini?" jirani aliwahi kumuuliza Bi Mwanasiti, mwosha maiti wa mtaa. Alimjibu kwamba ya marehemu hayasemwi, na watu wakazidi kumheshimu.

Wiki iliyopita alimwosha Bi Raya. Sikioni mwake alikuta kifaa cha kusikilia. Akakitia kwenye kifundo cha kanga, asimwambie mtu. Tangu vita vianze, nchi za nje zilikataa kuiuzia nchi yao vifaa vya namna ile, na mume wa Bi Mwanasiti, Mzee Shaibu, alikuwa hajasikia adhana mwaka wa pili huo.

Leo Salha, binti wa marehemu, alileta doti ya kanga za mama yake, haki ya mwoshaji. Alipomwona mzee akapaza sauti kama siku zote.

"Shikamoo, Mzee Shaibu!"

"Marahaba! Usinipasue sikio, binti. Siku hizi namsikia hata mbu akikohoa! Mke wangu huyu kanitafutia kifaa, sijui kakitoa wapi."

Salha akacheka, akainama akitazame. Kilikuwa na uzi mwekundu, alioufunga yeye mwenyewe ili mama yake asikidondoshe.

Kicheko kikakatika. Bi Mwanasiti akainamisha uso. Alitaka kunong'ona, "Nisamehe, mwanangu," lakini mumewe alikuwa palepale, anatabasamu, na sasa angesikia.

Salha akaziweka kanga magotini pa Bi Mwanasiti, akavaa viatu, akatoka.