Taa Mbele ya Plato

Padri Bernabo alianza kwa kuomba nyundo.

"Ipo ghalani," Piera alimjibu, lakini hakwenda kuileta.

Kilichomuudhi padri kilikuwa kichwa cha marumaru kilichowekwa sebuleni, taa ya mafuta ikiwaka mbele yake kama mbele ya mtakatifu. Mabwana wa Firenze walikuwa wamepanda mlimani, kama kila Novemba, kula na kujadiliana siku ya kuzaliwa kwa Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Mwaka huu walikuja na padri, mtaalamu wa teolojia, aamue: mpagani huyo abaki au avunjwe.

Piera aliitunza nyumba hiyo peke yake. Zamani mumewe, Nencio, ndiye aliyepandisha mapipa ya mvinyo begani na kuwamiminia mabwana, mpaka tauni ilipomchukua. Walimtupa kwenye shimo la chokaa pamoja na wengine. Hakuna padri aliyethubutu kusogea. Novemba iliyofuata bwana mmoja aliuliza, "Yule mwingine yuko wapi?"

"Alikufa, bwana."

"Pole. Basi tumiminie wewe."

Tangu hapo hakuwa na wa kuzungumza naye ila kichwa hicho. Kila asubuhi alikisalimu, akakifuta vumbi, akakisimulia habari za kuku.

"Mbona anang'aa hivi?" padri aliuliza. "Si mnasema ni wa kale?"

"Alianguka wakati wa tauni," alisema Bwana Adovardo, mwenye nyumba. "Kaka yake Piera ni mchonga mawe, akamtengeneza."

"Na kovu hili?"

"Ujanani alikuwa mpiga mieleka. Lakini wewe itazame shingo, padri. Imepinda, macho yameelekea juu. Huyu alimtafuta Mungu kabla Kristo hajazaliwa. Alifundisha kwamba roho haifi. Angeishi leo, Jumapili ungemkuta kanisani."

"Angechelewa kama wewe."

Mabwana walicheka. Piera alikuwa ameshika birika la mvinyo kwa mikono miwili, asimmiminie mtu.

Padri alimgeukia. "Mama, taa hii unaiwasha wewe. Unamwabudu huyu?"

"Simwabudu, padri. Namwombea. Alikufa bila padri."

Bernabo alikitazama kichwa, kisha akamtazama mjane. Akatoa stola, ule utepe wa kipadri, mfukoni, akaivaa shingoni, akaagiza maji, akayabariki. Akakinyunyizia kichwa na kukisomea sala ya wafu yote, bila kuruka neno. Mabwana walisimama, kofia mikononi. Bwana Adovardo alilia waziwazi.

"Nyundo ikae hukohuko ghalani," padri alisema alipomaliza. "Na kila mwaka siku hii aombewe."

Walikula, wakabishana kuhusu roho, wakapanda farasi wao kabla jua halijazama. Hakuna aliyeaga jikoni.

Piera alikusanya vyombo. Akaongeza mafuta kwenye taa, akavuta kiti, akaipapasa ile shingo iliyopinda.

"Eti unamtafuta Mungu. Mapipa yao ndiyo yaliyokupinda," alisema. "Plato wao yuko bandani, anazuia mlango wa kuku. Ila wewe, Nencio, umezikwa leo."